Mimi na mume wangu sote tuna AS: je, mtoto apimwe selimundu akiwa bado tumboni?

Nyota ya Ziwa (Mwanza) aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo mimi na mume wangu tunapaswa kuliamua hivi karibuni, kwa kuwa mimba yangu sasa ina wiki kumi, na tumeelezwa kwamba vipimo hivi vina wiki zake na zikipita zimepita.

Mtoto wetu wa kwanza, mvulana wa miaka sita, ana selimundu (sikoseli), ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Alikuwa hajatimiza mwaka viganja na nyayo zake zilipovimba, akawa analia usiku kucha na hataki kuguswa vidole. Tulihangaika na dawa za malaria kwanza, mpaka alipopimwa kwa mashine na jibu likaja SS, yaani amerithi kinasaba cha selimundu kwa baba na kwa mama, na ndio ugonjwa wenyewe. Hapo ndipo na sisi tulipopimwa tukakutwa sote wawili tuna AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua. Tangu alipoanzishiwa dawa ya haidroksiurea maumivu yamepungua sana na haongezewi damu mara kwa mara kama zamani, lakini kila homa yake bado inatupeleka hospitali mbio.

Daktari bingwa aliyetuona ametueleza kuwa yako mambo mawili yanayoweza kufanyika: kuchukua kipande kidogo cha kondo la nyuma kati ya wiki ya 11 na ya 14, au kusubiri mpaka wiki ya 15 na kuvuta kwa sindano, kupitia tumboni, maji kidogo yaliyomzunguka mtoto. Kwa vyovyote itatubidi tusafiri na tulipe kutoka mfukoni. Alisema pia kwamba kipimo chenyewe kinaweza kuharibu mimba, ingawa si mara nyingi, na maneno hayo hayajanitoka kichwani tangu tulipoondoka pale.

Mume wangu anataka tupime. Anasema hawezi kukaa miezi yote iliyobaki akibahatisha. Mama mkwe, ambaye ndiye anayenisaidia kumlea huyu mgonjwa wetu na ambaye maneno yake siyapuuzi, anasema mtoto ni riziki na kumchokoza tumboni ni kujitafutia balaa. Mimi niko katikati. Sijafika mahali pa kusema kwamba jibu likiwa SS nitafanya hivi au vile. Siku nyingine natamani kujua, na siku nyingine naona kujua kutaninyang'anya miezi ya kumsubiri mwanangu kwa utulivu.

Ningependa kusikia kutoka kwa wataalamu hatari ya kipimo ni kubwa kiasi gani na jibu lake linaaminika kwa kadiri gani, na kutoka kwa waliowahi kuwa mahali nilipo, mlipima au mliacha, na nini kiliwafanya muamue hivyo. Naomba tuheshimiane, kwa sababu najua suala hili linagusa imani za watu.

Mkunga Mstaafu (Bukoba) alijibu:

Mwanangu Nyota, hongera kwa ujauzito, na pole kwa mzigo huu uliokuja pamoja nao. Nimefanya kazi ya ukunga kwa muda mrefu, na miaka yangu ya mwisho kazini niliitumia zaidi kuzungumza na wazazi wa watoto wenye selimundu, kwa hiyo nitajaribu kukujibu kwa urefu.

Nianze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Baba na mama wote wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne kuwa SS, mbili kati ya nne kuwa AS kama ninyi, na moja kati ya nne kuwa AA, yaani asiye na kinasaba hicho kabisa. Hesabu hiyo inaanza upya kila unapopata ujauzito. Nimewasikia kina baba wengi wakisema kwamba mgonjwa wao ameshapatikana, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima, na nimewahudumia pia wazazi wenye watoto wawili na watatu SS mfululizo. Kwa mimba yako hii, uwezekano wa kupata mtoto asiye na ugonjwa ni asilimia 75, na uwezekano wa kupata mwenye ugonjwa ni asilimia 25, bila kujali kaka yake ana nini.

Kuhusu hatari, vitabu tulivyosomea sisi vilitaja mimba moja kati ya mia. Takwimu za miaka ya karibuni, kutoka kwenye vituo ambavyo kazi hii hufanywa mara kwa mara, zinaonyesha kwamba nyongeza inayoletwa na kipimo ni chini ya mimba moja kati ya mia mbili. Nasema nyongeza kwa sababu wapo ambao mimba zao zingeharibika katika wiki hizo hata kama wasingeguswa. Mkono wa daktari unachangia sana katika takwimu hizo, kwa hiyo usione haya kumuuliza atakayekufanyia kwamba huwa anafanya kazi hiyo mara ngapi na matokeo yake yamekuwaje. Vilevile usikubali mtu akuwahishe. Kuchukua kondo kabla ya wiki ya kumi kulihusishwa na watoto kuzaliwa na kasoro za vidole na viungo, na kuvuta maji kabla ya wiki ya 15 kulihusishwa na mimba nyingi zaidi kuharibika na watoto kuzaliwa na nyayo zilizopinda.

Kuhusu kuaminika kwa jibu, maabara haiangalii damu ya mtoto bali inasoma vinasaba kutoka kwenye chembe zake, mahali penyewe palipobadilika panapoleta selimundu, na kazi hiyo ikifanywa vizuri jibu lake ni la uhakika mkubwa sana. Kosa linaloogopwa zaidi ni chembe za mama kuchanganyika na za mtoto, ndiyo maana maabara makini huomba damu yako na ya mumeo pamoja na sampuli, na ikiwezekana majibu ya mtoto mliye naye. Mkienda mahali ambako hawaulizi hayo, ulizeni ninyi. Fahamuni pia kwamba kipimo cha selimundu hujibu swali la selimundu peke yake. Hakisemi lolote kuhusu hali ya Down wala kasoro nyingine za kromosomu, isipokuwa viombwe vipimo hivyo kwa makusudi kwenye sampuli hiyo hiyo.

Huenda mtu akakushauri kipimo cha damu ya mama kinachosoma vinasaba vya mtoto vinavyoelea humo, kwa kuwa hakina sindano ya tumboni. Vipimo vingi vya namna hiyo vinavyouzwa vimelengwa kwenye kromosomu za 21, 18 na 13, yaani hali ya Down na kasoro za jamii hiyo, navyo ni vya uchunguzi wa awali, yaani vinakwambia uwezekano umepanda au umeshuka. Kwa selimundu ni vigumu zaidi, kwa sababu wewe mwenyewe una kinasaba cha S kimejaa kwenye damu yako. Msilipe fedha kabla ya kuuliza kama kipimo hicho kinahusu selimundu hasa.

Kabla ya sindano yoyote, kundi lako la damu lijulikane. Ukiwa hasi, kwa mfano O hasi, utahitaji sindano ya anti-D baada ya kipimo, ili mwili wako usitengeneze askari wa kupambana na damu ya mtoto huyu au wa baadaye. Hali ya VVU na homa ya ini B nayo ijulikane mapema. Mama anayeishi na VVU anashauriwa asubiri mpaka dawa ziwe zimeshusha kirusi kiasi cha kutoonekana kwenye vipimo.

Sasa niseme ninaloliamini. Kipimo hiki hakitibu. Hakuna dawa ya selimundu anayopewa mtoto tumboni, wala selimundu haimwumizi akiwa humo, kwa sababu himoglobini ya utotoni, ile iitwayo F, humkinga mpaka miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo thamani yake yote iko katika yale ambayo wewe na mumeo mtafanya na jibu. Wazazi wanaoketi na kulijadili hilo kabla ya kupanda basi huamua vizuri, wakipima au wakiacha. Waliokuja kwangu wakiwa wamevurugika zaidi ni wale waliopima kwanza wakasema mengine tutayaona huko mbele.

Binti Unguja (Leicester) alijibu:

Assalam alaikum, dada Nyota. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Uingereza, ambako mjamzito hupewa nafasi ya kupimwa selimundu na thalasemia (ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi) mapema, na akikutwa na AS baba wa mtoto naye huitwa apimwe. Hivyo ndivyo tulivyojua mimi na mume wangu kwamba sote tunabeba, bila kuwa na mtoto mgonjwa kabla.

Tulipima kwa kondo la nyuma. Nilipakwa dawa ya baridi, nikachomwa ganzi, kisha daktari akaingiza sindano huku macho yake yakiwa kwenye skrini ya ultrasaundi na si kwenye tumbo langu. Nilihisi kitu kikinivuta kwa ndani, mfano wa maumivu ya hedhi, na nesi alinishika bega akanikumbusha nisikohoe. Jioni nilitokwa na matone ya damu yakakatika yenyewe, na mimba ikaendelea salama. Jibu lililetwa kwa simu, nalo lilikuwa SS.

Kuna jambo walilotufanyia kabla ya kipimo ambalo ningependa na ninyi mlifanye hata kama hapo mlipo hakuna mshauri wa vinasaba. Mshauri alizungumza na kila mmoja wetu peke yake, mimi nikiwa nje na kisha mume wangu akiwa nje, akatuuliza tungetaka nini jibu likiwa SS. Majibu yetu hayakufanana kabisa, na ilitubidi turudi nyumbani, tuzungumze, tukasirikiane na tuzungumze tena, mpaka tulipokubaliana kwamba mtoto huyu tutampokea vyovyote atakavyokuja. Baada ya hapo ndipo tulipopima, kwa sababu mume wangu alisema anataka kujiandaa.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Kila aliyenipongeza nilimshukuru huku nina jambo moyoni ambalo siwezi kumwambia. Binti yetu alizaliwa salama, akaanza penisilini ya kumkinga na maambukizi kabla ya kutimiza miezi mitatu, na leo yuko shule. Lakini hapa kila mtoto huchomwa kisigino akiwa na siku tano na damu yake kupimwa selimundu, na hata tusingepima tumboni, angeanza penisilini tarehe ile ile. Kwa matibabu yake, sindano ile haikumwongezea kitu. Sisi wazazi ndio tuliopata nafasi ya kulia, kusoma na kukubali kabla hajafika, na wapo wanaoihitaji nafasi hiyo kweli.

Wewe, dada yangu, ugonjwa huu umeshaulea miaka sita. Kama wewe na mumeo mkikaa mkaona kwamba mimba mtaibeba mpaka mwisho kwa jibu lolote, mimi kwa maoni yangu ningeiacha sindano na nguvu zangu zote ningezielekeza kwenye kuhakikisha mtoto anapimwa mara tu baada ya kuzaliwa.

Baba Imran (Tanga) alijibu:

Namheshimu Binti Unguja na naelewa hoja yake, ila kwa upande wetu mambo hayakuwa hivyo, na nadhani wazo la mume wako halipaswi kupitwa haraka.

Wakati mke wangu akiwa na mimba ya mtoto wetu wa pili nilikuwa nafanya kazi machimboni, mahali ambapo kutoka hapo mpaka hospitali yenye damu ya kuongeza ni safari ya nusu siku kwenye barabara mbovu, na wakati wa mvua haipitiki. Mkubwa wetu ni SS. Tulikuwa tumekubaliana toka mwanzo kwamba mimba haitatolewa, lakini nilihitaji kujua kama nina mgonjwa mmoja au wawili, kwa sababu jibu lilikuwa linaamua kama naacha kazi, nauza kiwanja na kuhamisha familia mjini kabla mama hajajifungua, au tunaendelea kama tulivyo. Tulivuta maji katika wiki ya 16. Jibu lilikuwa AS. Nilibaki kazini mwaka mzima zaidi, na fedha zile ndizo zilizomlipia mkubwa matibabu. Kwa hiyo ipo faida ya kujua hata kwa mzazi ambaye hana nia ya kutoa mimba, ila lazima awe na jambo la kufanya ambalo haliwezi kusubiri mtoto azaliwe.

Kwa kuwa umegusia imani, nieleze tulichokipata tulipouliza. Kwetu Waislamu, Baraza la Fiqhi (sheria za dini) la Rabita, ile jumuiya ya Waislamu wa dunia, lilikaa Makka mwaka 1990 likaamua kwamba kabla ya siku 120 inaweza kuruhusiwa kuiondoa mimba, wazazi wakiomba, endapo kamati ya madaktari bingwa wanaoaminika imethibitisha kwamba mtoto ana kasoro nzito isiyotibika. Baada ya siku hizo hairuhusiwi kwa sababu ya kasoro ya mtoto, ila maisha ya mama yakiwa hatarini. Kama selimundu, ugonjwa ambao mtu anaweza kuishi nao na kuzeeka, unaingia katika maelezo hayo ni jambo ambalo shekhe wetu hakuliafiki, nami nakushauri umuulize wako. Zingatia pia kwamba siku hizo huhesabiwa toka mimba ilipotungwa, wakati hospitali huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hesabu hizo mbili hupishana kwa takribani wiki mbili. Kwa ndugu zetu Wakatoliki, maelekezo ya Vatikani ya mwaka 1987 hayakukataza kumpima mtoto tumboni iwapo lengo ni kumlinda na kumhudumia; yalichokataza ni kupima kwa nia ya kuiondoa mimba jibu likiwa baya.

Sheria nayo ijulikane, maana watu hulishana maneno ya uongo. Hapa Tanzania, Kanuni ya Adhabu katika vifungu vya 150 hadi 152 inaifanya kutoa mimba kuwa kosa, na kinga iliyopo katika kifungu cha 230 inahusu kuokoa maisha ya mama. Ugonjwa wa mtoto haukutajwa. Kenya nako, Ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010 inazungumzia hali ya dharura na uhai au afya ya mama. Mzazi asipime huku akidhani kwamba jibu la SS litamfungulia njia ambayo sheria haijaifungua, akaishia mikononi mwa watu wa vichochoroni.

Mwalimu wa Hesabu (Dodoma) alijibu:

Nimesoma mjadala huu wote kwa makini, kwa sababu mimi ndiye huyo SS anayezungumzwa. Nina miaka 34, ninafundisha sekondari, nimeoa na nina mtoto mmoja mwenye AS.

Sitamwambia mtu yeyote apime au aache, kwani uamuzi huo ni wa atakayelea. Ninaloliomba ni kwamba mnapojiuliza "jibu likiwa SS itakuwaje", picha mliyo nayo kichwani iwe ya ugonjwa wa leo na si wa wakati wa wazazi wangu. Mimi nililelewa bila penisilini ya kinga na bila haidroksiurea, na utoto wangu mwingi ulipita wodini. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa REACH uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambapo watoto wa mwaka mmoja hadi kumi waliopewa haidroksiurea walipata maumivu machache zaidi, waliongezewa damu mara chache zaidi, walipungukiwa na malaria, na vifo vilipungua. Hawa ni watoto wa huku kwetu, kwenye mbu wetu na hospitali zetu. Mama Nyota ameona jambo hilo hilo kwa kijana wake.

Lakini nisipambe. Ugonjwa huu bado unaua watoto wengi ambao hawakutambuliwa mapema, dawa haipatikani kila mkoa kwa bei ambayo kila mzazi anaimudu, na kulea watoto wawili wenye SS kwa wakati mmoja ni mzigo ambao asiyeubeba asiuseme kwa wepesi. Nimewaona wazazi wangu wakigawana, baba hospitali ya mkoa na mimi, mama nyumbani na dada yangu, mishahara yote miwili ikiishia kwenye nauli na damu. Anayesema anataka kujua mapema kama hilo linamjia haonyeshi kwamba hampendi mtoto wake.

Kuna habari moja inayohusu mtoto wenu mkubwa ambayo haikutajwa. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekwisha kuwapandikiza uloto (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) baadhi ya watoto wenye selimundu, na mchangiaji anayefaa zaidi huwa ni ndugu wa baba na mama mmoja asiye na ugonjwa, ambaye vinasaba vyake vya kinga vinalingana na vya mgonjwa. AS anaweza kuchangia. Uwezekano wa ndugu kulingana ni moja kati ya nne, na hilo huangaliwa mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa, kwa hiyo msilichanganye na uamuzi wa sasa. Nimelitaja ili mkumbuke kuuliza baadaye.

Nyota ya Ziwa (Mwanza) alirudi:

Nawashukuru wote kutoka moyoni, na nimemsomea mume wangu kila jibu. Jana usiku tulifanya alivyosema Binti Unguja, kila mmoja akasema lake bila mwenzake kumkatiza. Sote wawili tumeona kwamba mimba hii tutaibeba mpaka mwisho. Mume wangu alipoulizwa ni kitu gani angekifanya mwezi wa nne ambacho hakiwezi kusubiri kuzaliwa, alifikiri kwa muda mrefu na hakukipata, kwa sababu tunaishi karibu na hospitali na kliniki ya selimundu tumeshaizoea. Hajaridhika kabisa, na tumekubaliana kumwona daktari tena tukiwa pamoja kabla ya wiki ya 15, ili kama bado atataka kujua, njia ya kuvuta maji iwe bado ipo. Kwa sasa tunaelekea kuacha.

Mkunga, mama yangu, tukiacha, mtoto apimwe lini na kwa kipimo gani? Kijana wetu alipokuwa na miezi miwili alipimwa mahali fulani tukaambiwa hana kitu.

Mkunga Mstaafu (Bukoba) alijibu:

Mwanangu, hilo la kuambiwa hana kitu akiwa na miezi miwili nimelikuta mara nyingi, na sababu yake ni kipimo chenyewe. Kile kipimo cha zamani, cha tone la damu na dawa kwenye kioo, kinategemea chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu, na mtoto mchanga bado amejaa himoglobini F, kwa hiyo chembe zake hazijikunji hata kama ni SS. Kwa mtu mzima nacho hakitenganishi AS na SS. Wengine mnaosoma hapa, ambao AS yenu ilitoka kwenye kipimo hicho peke yake, rudini mkapimwe kwa mashine.

Mtoto mchanga apimwe kwa mashine inayotenganisha aina za himoglobini, ama kwa vile vipimo vya haraka vya kadi vilivyotengenezwa kutambua A, S na C, kwa damu ya kisigino, siku za mwanzo kabisa kabla hujaruhusiwa kutoka wodini ikiwezekana. Damu isichukuliwe kwenye kitovu, kwa sababu inaweza kuchanganyika na yako. Ikitokea mtoto anahitaji kuongezewa damu, sampuli ya kipimo itangulie kuchukuliwa, la sivyo mtasoma majibu ya aliyechangia. Jibu likionyesha F na S bila A, msisubiri dalili: mpelekeni kliniki mnayoijua, aanze penisilini ifikapo miezi miwili hadi mitatu, apate chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 bila kukosa, na kipimo kirudiwe baadaye kwa uthibitisho. Mwombe nesi wa kliniki aandike tangu sasa kwenye kadi yako ya wajawazito, kwa kalamu nyekundu, kwamba wazazi wote ni AS na mtoto apimwe selimundu akizaliwa, kwa sababu usiku wa kujifungua hutakuwa na nguvu za kumweleza mtu.

Na wakati huu ambapo ni mjamzito, zile kapsuli za haidroksiurea za kijana wako usizifungue wala kuushika unga wake kwa mikono mitupu. Mwachie baba yake kazi hiyo, au vaa glavu na unawe baadaye.